Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Mpiga Mshale Katika Tamthilia ya Smallville

Tamthilia ya mfululizo huzeeka kama azeekavyo mwanadamu. Misimu ya mwanzo huwa na damu changa. Wahusika wana siri, na mtazamaji ana hamu ya kuzijua. Baada ya miaka minne au mitano siri hizo huwa zimefichuka au zimechosha, naye mhusika mkuu huanza kuzunguka palepale kama ng'ombe wa kinu. Hapo ndipo waandishi hukumbuka dawa ya kale: huleta mgeni. Aghalabu mgeni wa namna hii huwa pambo tu. Huingia kwa kishindo, huvuta macho kwa wiki chache, kisha huondoka bila kuacha alama yoyote katika msuko.

Mwaka 2006 tamthilia ya Kimarekani iitwayo Smallville ilipoingia msimu wake wa sita, ilimkaribisha mgeni aliyekuwa na uta na mshale. Huyu ni Oliver Queen, tajiri kijana ambaye usiku huvaa kofia ya kijani iliyoungana na koti lake, akaficha macho na kuibadilisha sauti, akawaandama wahalifu ambao sheria imewashindwa. Jina lake la usiku ni Green Arrow, yaani Mshale wa Kijani. Makala haya yanashikilia kwamba mgeni huyu aliiponya tamthilia iliyokuwa imeanza kuugua, na kwamba aliiponya kwa kuibua swali ambalo mwenyeji wake alikuwa akilikwepa kwa miaka mitano: je, mtu mmoja ana haki ya kutenda kazi ya sheria bila kutumwa na yeyote? Makala yanadai vilevile kwamba tamthilia yenyewe, baada ya kuliuliza swali hilo kwa ujasiri, ililikimbia mwishoni. Mwanafunzi wa Kiswahili ana sababu nzuri ya kuuchunguza ujasiri huo pamoja na woga huo.

Kwanza yafaa mwenyeji ajulikane. Smallville ilianza kuonyeshwa tarehe 16 Oktoba 2001. Waasisi wake, Alfred Gough na Miles Millar, walimchukua Superman, shujaa aliyebuniwa na Jerry Siegel na Joe Shuster na kuchapishwa mara ya kwanza mwaka 1938, wakamrudisha katika ujana wake. Clark Kent, aliyeigizwa na Tom Welling, ni kijana wa shambani katika jimbo la Kansas. Ana nguvu zipitazo za binadamu, lakini hana vazi, hana jina la kishujaa, wala hapai angani. Watengenezaji walijiwekea mwiko huo tangu mwanzo, nao ulikuwa mwiko wenye busara, kwa kuwa uliwalazimisha wasimulie habari za mtu kabla hajawa kigano.

Hata hivyo, mwiko uliokuwa nguzo katika msimu wa kwanza ulikuwa umegeuka minyororo kufikia msimu wa tano. Mfumo wa masimulizi ulikuwa umekaririwa mno: mkazi fulani huathiriwa na mawe ya kijani yaliyoanguka kutoka mbinguni, hupata uwezo wa ajabu, huwadhuru wenzake, Clark humzuia, kisha Clark hurudi ghalani kuficha siri yake. Mtazamaji aliombwa aamini kwamba kijana huyu anakua, ilhali kila wiki alimwona akirejea mahali alipoanzia. Clark aliwaokoa waliokuwa mbele ya macho yake. Hakuwahi kujiuliza kwa uzito kuhusu wale asiowaona. Subira huvuta heri, lakini pia ngoja ngoja huumiza matumbo, na Smallville ilikuwa imeanza kuumiza matumbo.

Mgeni aliyeletwa hakubuniwa kwa ajili ya runinga. Green Arrow alibuniwa na Mort Weisinger na George Papp mwaka 1941 katika gazeti la vibonzo liitwalo More Fun Comics. Siku zile za mwanzo hakuwa na mengi yake mwenyewe. Alifanana mno na Batman, aliyemtangulia kwa miaka miwili: utajiri ule ule, kijana msaidizi kando yake, na zana zilizopewa rangi au jina lake. Uta na mshale alivirithi kwa Robin Hood wa masimulizi ya Kiingereza. Alipata sauti yake hasa mwaka 1970, mwandishi Denny O'Neil na mchoraji Neal Adams walipomfanya mtu aliyepoteza mali yake na akaanza kuusemea umaskini, ubaguzi wa rangi na udhalimu wa wakubwa. Mwaka 1971 wawili hao walithubutu hata kumwonyesha msaidizi wake akiwa mtumwa wa heroini. Kwa hiyo mhusika aliyeingia Smallville mwaka 2006, akiigizwa na Justin Hartley, alikuwa amebeba mgongoni miaka 65 ya historia, na sehemu bora ya historia hiyo ilikuwa hoja kuhusu haki.

Uponyaji wa kwanza ulikuwa wa kimuundo. Kwa miaka mitano Clark alikuwa amepimwa kwa kulinganishwa na Lex Luthor, rafiki anayegeuka adui. Mhusika mkinzani wa aina hiyo ana kazi nyepesi: humwonyesha shujaa asivyopaswa kuwa. Oliver alikuja na kazi nzito zaidi. Yeye na Clark wanakubaliana kuhusu lengo, wakatofautiana kuhusu njia, na ukinzani baina ya watu wema wawili ni mgumu kuutatua kuliko ule wa mwema na mwovu. Mwovu akishindwa hadithi huisha. Mwema akishindwa katika hoja, hoja yake hubaki ikimsumbua mshindi. Katika mojawapo ya sehemu za mwanzo za msimu huo Oliver anawanyang'anya matajiri mali iliyopatikana kwa njia ya wizi. Clark anamkemea kwamba wizi ni wizi. Mtazamaji anatambua kuwa Clark amesema kweli, na papo hapo anatambua kuwa mwenye kusema kweli hiyo hajawahi kuwagusa wezi wakubwa.

Tamati ya uponyaji huo wa kimuundo ilionekana Januari 2007, katika sehemu iliyoitwa Justice, yaani Haki. Oliver anawakusanya vijana watatu waliowahi kupita Smallville kila mmoja kwa wakati wake: Bart Allen mwenye mbio, Arthur Curry wa baharini, na Victor Stone aliyeunganishwa na mashine. Wanaishambulia maabara ambamo Lex huwafungia na kuwachunguza watu wenye uwezo wa pekee. Wahusika waliokuwa wageni wa siku moja moja wanageuzwa kikosi. Matukio yaliyotawanyika yanapata uzi mmoja. Mwishoni Clark anaalikwa ajiunge nao, naye anakataa kwa wakati ule kwa kuwa ana kazi yake ambayo hajaimaliza. Mwaliko huo ni kipimo. Tangu siku ile mtazamaji anajua kuwa kuna meza iliyoandaliwa na kiti kimoja kitupu, na kila sehemu inayofuata inauliza ni lini mwenyewe ataketi.

Uponyaji wa pili ulihusu maana yenyewe ya ushujaa. Risasi haimdhuru Clark. Mtu ambaye risasi haimdhuru anaweza kuwa mwema, lakini si rahisi kumwita jasiri, kwa sababu ujasiri hupimwa kwa kile ambacho mtu yuko tayari kukipoteza. Oliver ni mfupa na nyama. Wazazi wake walikufa katika ajali ya ndege alipokuwa mtoto, na baadaye anabaini kuwa mkono wa Lionel Luthor, babake Lex, ulikuwa katika msiba huo. Ustadi wake wa kupiga mshale aliupata kwa shida akiwa ametupwa kisiwani. Kila anaporuka kutoka paa moja hadi jingine anaweza kuanguka. Kwa kumweka kando ya Clark, waandishi walimfanya mtazamaji aone tofauti kati ya kuwa na nguvu na kuwa na moyo.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili hatakosa kumkumbuka hapa mpiga mshale wa nyumbani, Fumo Liyongo, ambaye habari zake zilitungiwa utendi na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913. Liyongo naye ni mwenye uta, naye ni mwenye kuandamwa na mtawala. Lakini ulinganishi wa haki lazima ushike tofauti kabla ya kushangilia ufanano. Liyongo ana nguvu zipitazo za binadamu na siri moja ya mwili inayoweza kumwua; kwa hilo yuko karibu zaidi na Clark, ambaye udhaifu wake ni jiwe. Tofauti kubwa zaidi ni uso. Liyongo hafichi uso wala jina. Watu wanamjua, wanamjua mamake, wanamjua mwanawe, na hata maiti yake iliyopiga magoti karibu na kisima ikiwa imeshika uta na mshale inawaogopesha kwa kuwa wanajua ni ya nani. Ugomvi wake na ndugu yake mtawala ni ugomvi wa hadharani. Akikosea, jamii inajua mlango wa kubisha. Oliver Queen amefunika uso, na aliyefunika uso hana mlango.

Hapo ndipo penye uzito wa suala zima, na ni sifa ya Smallville kwamba haikulipuuza. Mgeni aliyekuja kumhoji mwenyeji alihojiwa naye. Mwezi Novemba 2006, baada ya kujeruhiwa, Oliver anaanza kutumia dawa inayoyaponya majeraha kwa haraka lakini inayompandisha hasira hadi anawapiga wahalifu kupita kiasi. Kisha, mwanzoni mwa mwaka 2009, linakuja tukio ambalo linapaswa kusomwa kama kilele cha safari yake. Oliver, ambaye tangu msimu wa nane alikuwa mmoja wa wahusika wa kudumu, anamwua Lex Luthor kwa bomu, Lex akiwa hoi. Hakuna mahakama iliyoketi wala shahidi aliyesikizwa. Mtu mmoja aliyejawa na machungu ya haki alitoa hukumu na kuitekeleza yeye mwenyewe.

Mtazamaji wa kawaida alikuwa na kila sababu ya kufurahi, maana Lex alikuwa amewatesa wengi. Tamthilia haikumruhusu afurahi kwa muda mrefu. Msimu wa tisa unapoanza baadaye mwaka huo, Oliver amekuwa gofu la mtu. Ameutupa uta, anajizamisha katika ulevi na anatafuta kipigo kama atafutavyo mwingine riziki. Maana ya hali hiyo ni wazi: aliyejitwalia mamlaka ya kuua amebaki pia na kazi ya kujishtaki, kwa kuwa amewaondoa wengine wote ambao wangeweza kumshtaki. Ni funzo zito kuliko yale ambayo vipindi vya aina hii huthubutu kutoa.

Msimu wa kumi, ulioanza mwaka 2010, ulikwenda hatua moja mbele zaidi. Ndani ya tamthilia inatungwa sheria ya kuwataka mashujaa waliojificha wajiandikishe serikalini, na Oliver anajitokeza mbele ya wanahabari kutangaza kuwa yeye ndiye Green Arrow. Kitendo hicho ndicho kilele halisi cha ushujaa wake, kikubwa kuliko mshale wowote aliouachilia. Kwa kuvua kifuniko anakuwa mtu mwenye anwani. Anaweza kushtakiwa, kushukuriwa, kuchekwa na kuulizwa. Kwa lugha ya makala haya, amepata mlango.

Lakini hapa pia ndipo waandishi walipoingiwa na woga. Sheria hiyo ya kujiandikisha ingeweza kujadiliwa kwa haki. Raia anayewaogopa watu wenye nguvu nyingi na nyuso zilizofunikwa si mpumbavu, wala si mwovu, ana hoja. Smallville ilimnyima hoja hiyo. Miongoni mwa wanaowachochea watu dhidi ya mashujaa ni Gordon Godfrey, mtumishi wa Darkseid, nguvu ya giza inayoingia mioyoni mwa wanadamu. Na kinara mwingine ni jenerali katili, Slade Wilson. Hivyo kila anayedai mashujaa wawajibike anaonekana ama amepotoshwa na giza au ni dhalimu. Kesi ikifanywa hivyo huwa imekwisha kabla ya kusikizwa. Tamthilia iliyokuwa imemfundisha mtazamaji kushuku hukumu ya mtu mmoja ilimalizia kwa kumfundisha kuwashuku wote wanaoshuku. Ilipokoma tarehe 13 Mei 2011, Clark akiwa hatimaye amepaa, swali la Oliver lilikuwa limeachwa ardhini.

Kwa nini jambo hili limhusu msomaji wa Kiswahili? Sababu ya kwanza ni lugha. Kiingereza kina neno moja la kumtaja mtu wa aina ya Oliver, nalo humbeba shujaa wa runinga na mwua watu wa mtaani bila kuwatofautisha. Kiswahili hakina neno moja la namna hiyo, na upungufu huo una faida. Magazeti ya Kenya husema juu ya watu "waliojichukulia sheria mikononi", na kauli hiyo daima ni ya lawama. Kuna mgambo, lakini huyo ana mamlaka nyuma yake. Kuna sungusungu, jina la chungu mweusi aumaye, ambalo mwanzoni mwa miaka ya 1980 lilihusishwa na vikundi vya ulinzi vya Wasukuma na Wanyamwezi nchini Tanzania vilivyopambana na wezi wa mifugo, na ambalo baadaye lilivuka mpaka na kutumiwa kwa vikundi vya Kisii. Sitiari hiyo ina hekima yake. Chungu mmoja si kitu. Anayetisha ni kundi. Na kundi likishaanza kuuma, halichagui mguu.

Sababu ya pili ni maisha yenyewe. Mwezi Machi mwaka 2002, katika mtaa wa Kariobangi jijini Nairobi, watu zaidi ya 20 waliuawa katika mapambano yaliyohusisha makundi yaliyodai kila moja kuwalinda wenyeji, na serikali ikapiga marufuku makundi kadhaa baada ya hapo. Kelele za "mwizi! mwizi!" bado zinaweza kumgharimu mtu maisha sokoni au kituoni kabla yeyote hajauliza aliiba nini, au kama aliiba. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 50, inampa kila mshtakiwa haki ya kusikizwa kwa usawa. Umati haujui kifungu hicho, na ukikijua huwa tayari una mawe mkononi. Kijana huyo huyo anayehuzunika anaposoma habari hizo gazetini huketi jioni mbele ya runinga akamshangilia mwenye kofia ya kijani. Mtaani anamwita mwenye kutenda hivyo mhalifu. Kwenye kioo anamwita shujaa. Pengo kati ya majina hayo mawili ndilo linalomhitaji mhakiki.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kuikuza panzi hadi iwe ndovu. Vipindi vya mashujaa, watadai, ni burudani ya vijana, tena ya kigeni, na jarida la Kiswahili lina kazi bora zaidi za kushughulikia. Hoja hiyo ina ukweli kiasi: hakuna anayependekeza Smallville ikalie kiti cha utendi au riwaya darasani. Hata hivyo, kazi inayotazamwa na wengi hufundisha wengi, apende mhakiki asipende. Somo la fasihi linganishi halikuwekwa ili kulinganisha vitabu vinavyoheshimika peke yake. Mwanafunzi aliyefunzwa kuuliza kwa nini Liyongo hakuficha uso wake ana silaha ya kuuliza kwa nini Oliver anauficha. Asipoitumia silaha hiyo pale ambapo wenzake wanatazama, itabaki kuwa ya mitihani tu.

Wengine watasema kinyume: kwamba sheria ikishindwa, mwenye uwezo ana wajibu wa kutenda, na kwamba kumdai Oliver hati ya kutumwa ni kuwatetea akina Lex. Hii ndiyo hoja nzito, na haifai kudharauliwa. Polisi wakichelewa, mahakama zikinunuliwa, mnyonge afanye nini? Jibu la makala haya ni kwamba kushindwa kwa sheria kunaweza kumhalalishia mtu kuokoa, hakumhalalishii kuhukumu. Clark anapomvuta mtu kutoka kwenye gari linalowaka, hamhitaji hakimu. Oliver anapoamua kwa siri nani aishi na nani afe, anamhitaji. Mstari huo ni mwembamba lakini upo, na sehemu bora za Smallville ni zile zilizotembea juu yake bila kujifanya haupo.

Basi tamthilia nyingine zitakapoleta wageni wao, kama ilivyotokea mara nyingi tangu mwaka 2011 na kama itakavyotokea tena, mtazamaji mwenye elimu ya fasihi asiishie kuuliza kama vazi linapendeza au kama mapigano yamepangwa vizuri. Amwulize mgeni maswali matatu. Nani amekutuma? Nani anaweza kukuhoji? Ukimpiga asiye na hatia, nani atalipa? Mgeni atakayeyajibu, hata kama atayajibu kwa kigugumizi na majuto kama Oliver Queen, amekuja na dawa. Mgeni atakayewafanya waulizaji waonekane kuwa mashetani amekuja na ugonjwa, hata akipiga mshale namna gani.